Sifuri Niliyoitoa Maramba

Mtu akitoka Tanga mjini, akafika Mabokweni na kuiacha barabara kuu iendayo Horohoro mpakani, akashika ile ya bara, hupita baina ya mikonge na michungwa hata akaiona milima ya Usambara ya Mashariki imesimama mbele yake. Chini ya milima hiyo, si mbali na msitu wa Mtai, ndipo ilipo Maramba, mji mdogo wa wilaya ya Mkinga, wilaya ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Muheza. Watu wake wametoka pande zote. Wako Wadigo na Wasegeju waliopanda kutoka pwani, wako Wasambaa na Wabondei walioteremka kutoka milimani, na wako wajukuu wa manamba walioletwa enzi za ukoloni kukata mkonge, wakazikwa huku na kuacha vizazi. Nyumbani kila mmoja ana lugha yake. Sokoni, msikitini, kanisani na uwanjani pa ngoma, lugha ni moja, nayo ni Kiswahili. Kwa Kiswahili hicho watu huposa, hulia matanga, husutana na kusuluhishwa.

Katika sehemu hizo nilifundisha Kiingereza kwa miaka kadhaa, katika shule moja ya sekondari (skuli, kama msemavyo nyinyi wa Visiwani). Ilikuwa ni ile miaka ya shule za kata. Serikali ilikuwa imeanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, na wazazi wakachangishana matofali na nguvu zao ili watoto waliokuwa wakiishia darasa la saba wapate mahali pa kwenda. Lilikuwa jambo jema, na mimi sitalisema vingine. Lakini watoto hao walitoka katika shule za msingi walikosoma kila kitu kwa Kiswahili kwa miaka saba, nao walipovuka kizingiti cha Kidato cha Kwanza walikuta kila kitu kimegeuka kuwa Kiingereza. Walipewa wiki chache za kuzoezwa, kisha wakaambiwa waanze safari.

Mwaka 2006 niliwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili jaribio la ufahamu. Kifungu cha kusoma nilikitoa katika kitabu cha mazoezi kilichochapwa Ulaya, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nacho, na kwa kuwa siku zile niliamini kwamba Kiingereza kilichotoka kwao ndicho Kiingereza. Kilikuwa ni kipande cha hadithi. Bwana mmoja mzee, katika nchi ya baridi, huenda stesheni kila jioni kumngojea mwanawe aliyemwandikia kwamba atakuja kwa treni. Theluji inaanguka. Stesheni masta humtilia chai, humsogezea kiti karibu na moto, na kila siku humwambia maneno yale yale, kwamba treni imechelewa. Kipande kinakoma pale mzee anapoaga na kuahidi kurudi kesho. Hakuna mahali pasemapo wazi kwamba treni haiji tena. Msomaji huachiwa ishara mbili tatu tu: reli zimeshika kutu, saa ya ukutani imesimama, na barua aliyoishika mzee imechanika mikunjoni.

Maswali yalikuwa kumi. Saba ya kwanza yaliuliza mambo yaliyo juu juu: mzee huenda wapi, huenda saa ngapi, hupewa nini cha kunywa. Swali la tisa liliuliza kwa nini stesheni masta hakumwambia mzee kweli. Jibu lililochapwa nyuma ya kitabu, katika kurasa za mwalimu, lilikuwa fupi: kwa sababu alimwonea huruma.

Nilisahihisha usiku, kwa taa ya chemni. Kazi ilikwenda upesi, maana karatasi zilifanana kama punje za mtama. Wanafunzi walikuwa wamelitafuta neno la swali ndani ya kifungu, na walipolipata wakainakili sentensi nzima iliyolibeba. Palipoulizwa habari ya chai, walileta sentensi yenye chai. Palipoulizwa habari ya saa, walileta sentensi yenye saa. Hata swali la tisa walilijibu kwa mtindo huohuo, wakanakili kwamba treni imechelewa. La tisa walikosa, lakini yale saba wengi wao walipata, nami nikawaandikia sita kwa kumi, saba kwa kumi, nikaona kwamba darasa langu linasoma na kufahamu.

Kisha nikaifikia karatasi ya msichana mmoja aliyetoka kambi ya mkonge. Alijaribu maswali mawili ya kwanza kwa Kiingereza, akayakata. Yaliyofuata aliyaacha wazi. Alipofika swali la tisa aliandika mistari minane au tisa, yote kwa Kiswahili, kwa mwandiko uliolala kidogo. Maneno yake siwezi kuyarejea yote, ila maana yake sijaisahau. Aliandika kwamba stesheni masta anaijua kweli, na mzee naye anaijua, na ndiyo maana mzee haulizi. Akiambiwa, hatakuwa na pa kwenda jioni. Tena akaandika kwamba kambini kwao kuna bibi anayemngojea kaka yake aliyerudi kwao kusini, na kila lori likiingia bibi hutoka nje kutazama, na watu humwambia labda la kesho. Watu hao si waongo, aliandika. Wanamshika mkono asianguke.

Niliisoma mara moja, nikaisoma mara ya pili. Nilijua kwamba nimesoma jambo ambalo aliyeitunga ile kurasa ya majibu hakuliona, maana yeye aliishia kwenye huruma, na msichana huyu aligundua kwamba mzee mwenyewe alikuwa mshirika wa ule uongo. Nilijua. Hata hivyo nilishika kalamu nyekundu, nikaandika kwamba ajibu kwa Kiingereza, nikamwekea sifuri. Asubuhi nikazisoma alama mbele ya darasa kwa kufuata utaratibu wa siku zote, kuanzia aliyeongoza hata aliyeburura mkia. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikuwanyamazisha.

Wiki mbili baadaye nilitoa jaribio jingine. Mara hii msichana alitafuta maneno ya maswali ndani ya kifungu, akazinakili sentensi kama wenzake, akapata sita kwa kumi. Niliandika chini ya karatasi yake kwamba ameendelea vizuri. Ninapoikumbuka kazi yangu ya ualimu, sifuri ile hunisumbua, lakini yale maneno ya pongezi hunisumbua zaidi. Sifuri ilikuwa dhuluma ya siku moja. Pongezi zilimfundisha kwamba njia iliyo sawa ni kuacha kufahamu.

Ndugu msomaji huenda akadhani ninatia chumvi, kwa hiyo na tulijaribu jambo hili kwa lugha yetu wenyewe. Nisomee sentensi hii: Kibwenyu kilimgwabuza mrofe kwa sababu mrofe alikosa ndwebe. Sasa nijibu. Ni nani aliyegwabuzwa? Mrofe. Alimgwabuza nani? Kibwenyu. Kwa sababu gani? Kwa sababu alikosa ndwebe. Umepata tatu kwa tatu, nami nakupongeza. Lakini maneno hayo nimeyabuni sasa hivi na hayana maana yoyote chini ya jua. Uliyajibu kwa kuwa unaujua mwendo wa sentensi ya Kiswahili, unamjua mtendaji na mtendewa, na unajua kwamba baada ya neno “sababu” ndipo palipo jibu. Mwanafunzi wangu wa Maramba alifanya hivyohivyo na ile chai na ile saa, tena yeye hakuwa na hata huo mwendo wa sentensi. Alifananisha sura ya neno na sura ya neno, kama mtu afananishaye chapa mbili za vitambaa.

Basi mtihani wa ufahamu unaweza kupima mambo mengi. Unaweza kupima macho, kumbukumbu, ujanja wa kutafuta neno na wepesi wa kunakili. Ili upime ufahamu hauna budi kuuliza lile lisiloandikwa, kama lilivyouliza swali la tisa. Na hapo ndipo linapozuka tatizo, maana lile lisiloandikwa halina sentensi ya kunakiliwa. Mtu hana budi kulisema kwa maneno yake mwenyewe, na ikiwa maneno yake mwenyewe yamepigwa marufuku, atanyamaza. Mwalimu atausoma ule ukimya na kusema kwamba mtoto huyu hakufahamu.

Sisi watu wa pwani hatukupaswa kuhitaji kufundishwa jambo hili. Tangu utotoni tumeijua tofauti ya kusoma na kufahamu. Mtoto huenda chuoni, akaanza na alifu na be, akapanda juzuu kwa juzuu hata akahitimu, na wazazi wakapika wakaalika watu. Siku hiyo hakuna anayedai kwamba mtoto amefahamu alichokisoma. Amesoma, na kusoma kwake kuna thamani yake na thawabu zake. Kufahamu ni mlango mwingine, nao hufunguliwa kwenye darsa, ambako shehe huisoma aya kwa Kiarabu, kisha akaieleza kwa Kiswahili, na msikilizaji akauliza kwa Kiswahili. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwana wa Unguja, alipoitoa Qurani Takatifu pamoja na tafsiri yake kamili mwaka 1969, hakuna aliyemwambia kwamba ameshindwa Kiarabu kwa kuwa ameeleza kwa Kiswahili. Watu waliona kwamba amekifahamu Kiarabu mno, hata akaweza kukileta nyumbani.

Na wako wengine. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 huku kwetu, katika kijiji cha Vibambani karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam katika miaka ya 1920, akaajiriwa ukarani wa forodha Pangani. Mtu huyu alizichukua rubai za Omar Khayyam kutoka katika Kiingereza cha Edward FitzGerald, akazitia katika Kiswahili. Mwalimu Nyerere naye aliuchukua mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar akautoa kwa Kiswahili mwaka 1963, kisha akatupa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Nikiulizwa nani katika nchi hii alifaulu vizuri zaidi mtihani wa ufahamu wa Kiingereza, nitawataja hawa. Karatasi zao za majibu ziko madukani na maktabani, nazo zimeandikwa kwa Kiswahili. Lau ningalizisahihisha mimi kwa sheria niliyoifuata mwaka 2006, ningaliwapa sifuri.

Nina mpwa aliyepata ufadhili wa kusoma China. Aliporudi likizo tulikaa barazani, nikamwuliza habari za shule za huko, maana mwalimu hata akistaafu haachi kuuliza. Aliniambia kwamba yeye, mtu mzima mwenye cheti cha Kidato cha Sita, alipewa mwaka mzima wa kujifunza Kichina tu kabla ya kuingia darasani kusomea taaluma yake. Nikakumbuka zile wiki chache tulizowapa watoto wa Maramba. Kisha akanieleza habari ya vijana wa sekondari wa Kichina, jinsi wanavyotokwa jasho kwa ajili ya Kiingereza. Nchi ile ni mama wa mitihani. Ile mitihani ya kuwachagua watumishi wa mfalme ilidumu zaidi ya miaka elfu moja, ikaja kufutwa mwaka 1905. Siku hizi mlango wa chuo kikuu ni mtihani uitwao gaokao, uliorejeshwa mwaka 1977 baada ya misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni, na Kiingereza ni mojawapo ya masomo yake makubwa. Kijana husoma kifungu kimoja baada ya kingine, na kila swali lina majibu manne ya kuchagua. Walimu wao nao hulalamika kwamba mwanafunzi hufundishwa kuinasa herufi iliyo sahihi bila ya kuisoma habari yote. Nilicheka, nikaona kwamba hata huko kuna wenzangu.

Lakini kuna tofauti moja, nayo ndiyo iliyonifanya niinue kichwa. Kijana wa China anapoanguka katika ufahamu wa Kiingereza, ameanguka katika Kiingereza. Fizikia yake iko salama, kemia yake iko salama, na historia ya nchi yake ameisoma na kuijibu kwa Kichina. Lugha ya kigeni kwake ni chumba kimoja katika nyumba, na kikivuja, atalala chumba kingine. Kijana wa Maramba amejengewa nyumba nzima chini ya paa hilo moja. Akikaa katika mtihani wa Kidato cha Nne, karibu kila karatasi anayopewa, isipokuwa ya Kiswahili, ni mtihani wa ufahamu wa Kiingereza uliovaa jina la somo jingine. Swali la baiolojia humwuliza kwa nini mmea ukiwekwa gizani hugeuka rangi. Mtoto wa mkulima amekwisha kuliona jambo hilo kwa macho yake, chini ya gunia lililosahaulika kondeni. Anachokosa ni kulitambua swali, na akilitambua, anakosa neno la kulijibia. Atahesabiwa kuwa haijui mimea.

Haya si maneno mapya, wala si mimi niliyeyavumbua. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona kwamba kwa karibu nusu yao masomo mengine hayaingii kabisa au huingia kidogo mno, na kwamba katika Kidato cha Nne ni kama mmoja kwa kumi tu aliyefikia kiwango ambacho mtu angetarajia aanzie nacho kusoma kwa Kiingereza. Pamoja na kuyaona hayo, walishauri Kiingereza kibaki na kiongezewe nguvu, na misaada ya vitabu ikaja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikakifungulia Kiswahili mlango, lakini madarasa ya sekondari yameendelea na Kiingereza. Nyinyi wa Visiwani nanyi, Sera yenu ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Miaka arubaini na ushei tumekuwa tukimpima mgonjwa joto, tukiliandika daftarini, na kumrudisha kitandani.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba dunia inasema Kiingereza, kwamba mtoto wa waziri anakisoma tangu chekechea, na kwamba kumwondolea mtoto wa mkulima Kiingereza ni kumfungia mlango ambao wenziwe wanapita. Hoja hiyo ina uzito, nami niliyekula mshahara wa Kiingereza kwa miaka mingi ndiye wa mwisho kuidharau. Wazazi wa Maramba nao wanataka watoto wao wajue Kiingereza, na wana haki. Mimi nauliza jambo moja tu: je, hicho Kiingereza wanakipata? Mtoto aliyenakili kwa miaka minne hakupata Kiingereza, wala hakupata baiolojia, na Kiswahili chake cha kufikiria kimedumaa kwa kukosa kazi. Amepoteza vitatu kwa kutafuta kimoja. Mtaka yote hukosa yote, walisema wahenga; lakini huyu mtoto hakutaka yote, sisi ndio tuliomtakia.

Baada ya mambo yale nilibadili namna yangu ya kupima, kwa siri kidogo, kwa sababu palikuwa na kibao ukutani kilichosema kwamba hapa ni Kiingereza tu. Niliwapa kifungu cha Kiingereza wasome, kisha nikawataka wanieleze kwa Kiswahili walichokiona ndani yake. Hapo niliwatambua wanafunzi wangu upya. Wengine waliokuwa wakipata saba kwa kumi walisimama bila ya neno, na wengine niliowaita wazito walizungumza hata kengele ikagonga. Baada ya hapo ndipo tulipoitafuta njia ya kuyasema maneno yaleyale kwa Kiingereza, na kwa kuwa sasa walikuwa na la kusema, walilitafuta neno la Kiingereza kwa hamu, kama mtu mwenye mzigo anayetafuta kamba. Wangapi walifaulu kwa njia hiyo sikuhesabu, wala sidai kwamba niligundua dawa. Nilijifunza tu kwamba mtu hufahamu kwanza, kisha ndipo hujifunza kusema alichofahamu, na kwamba sisi tulikuwa tumeligeuza jambo juu chini.

Yule msichana hakuwemo. Kwa utaratibu wa miaka ile, aliyeshindwa mtihani wa Kidato cha Pili alikariri, na akishindwa tena aliondoka. Alishindwa mwaka 2006, akakariri, akashindwa mwaka 2007, akaondoka. Sisemi kwamba ni sifuri yangu iliyomtoa shuleni. Mitihani ile ilikuwa ya masomo mengi na walimu tulikuwa wengi. Nasema tu kwamba katika jengo lile zima mimi ndiye mtu pekee niliyeushika mkononi ushahidi kwamba mtoto yule anafahamu, tena anafahamu kupita mwalimu wake, nami nikautia wino mwekundu.

Nilimwona tena miaka mingi baadaye, nilipokwenda Maramba kwa msiba wa jamaa. Nilipita sokoni kununua iliki ya kurudi nayo Tanga, nikasikia mtu akiniamkia kutoka nyuma ya mafungu ya ndizi na machungwa.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo, mwalimu. Umenisahau.”

Sikuwa nimemsahau, nikamwambia hivyo, naye akaangalia chini kidogo. Alikuwa na watoto wawili, mkubwa yuko shule. Alinipimia iliki, akaongeza kiganja kimoja juu ya kipimo, akakataa kabisa kuchukua fedha ya kile cha ziada. Nilipokuwa nikifunga mfuko aliniuliza swali ambalo sikulitegemea.

“Mwalimu, yule mzee wa stesheni, mwanawe alirudi?”

Nilisimama pale na mfuko mkononi. Ile ilikuwa ni hadithi niliyowapa zaidi ya wanafunzi arubaini. Waliopata saba kwa kumi nimekutana na baadhi yao, na hakuna hata mmoja aliyeitaja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisoma kila mwaka nilipoitoa kwa darasa jipya, na hata siku moja sikujiuliza mwisho wake ulikuwaje. Kitabu kilikuwa na kipande tu. Nilimwambia kwamba kipande kiliishia palepale tulipokisoma, na kwamba sijui kilichofuata.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kulijua jibu. Kisha akasema kwamba yule bibi wa kambini alifariki, na kwamba hata wiki ya mwisho alikuwa akiuliza habari ya lori, na wao walimjibu labda la kesho.

Nilirudi Tanga jioni ile. Njiani niliyakumbuka maneno aliyoniandikia mwaka 2006 katika karatasi niliyoitia sifuri, nikayapima upya, polepole, kama ilivyonipasa kuyapima usiku ule wa taa ya chemni. Alama niliyompa safari hii sina mahali pa kuiandika, kwa kuwa daftari la mahudhurio la darasa lile limekwisha kuliwa na mchwa. Basi nimeona niiandike hapa.